Nyani wa Amboseli na deni la utotoni

UKISAFIRI kwa matatu kutoka Naivasha kwenda Nakuru, ukikaribia Gilgil huwakosi. Wamekaa kando ya barabara kama abiria waliochoka kungoja gari. Baadhi wanachakura nyasi, wengine wanavizia ganda la ndizi litakalorushwa dirishani. Ukiangalia vizuri utaona mmoja ana kitu cheusi kinachoning'inia tumboni. Ni mtoi. Ana manyoya meusi, masikio makubwa na uso wa waridi, na amemkamata mamake kwa mikono na miguu asidondoke.

Abiria wanacheka, simu zinatolewa, picha zinapigwa, gari linasonga. Lakini hebu tubaki na huyo mtoto kidogo. Ataishi miaka mingapi? Atapata marafiki? Akizaa, watoto wake watapona? Kumbe maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa kiasi fulani kabla hata hajafikisha miaka minne. Na majibu yamepatikana hapa hapa Kenya, ingawa si Gilgil. Yametoka Amboseli, kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Wanandoa wawili Wamarekani, Jeanne na Stuart Altmann, walifika Amboseli kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963 kutazama nyani. Mwaka wa 1971 ikaanza kazi ambayo haijakatika hadi leo: kuwafuata nyani wale wale, mmoja mmoja, tangu kuzaliwa hadi kufa, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Wanasayansi wengine kama Susan Alberts, Jenny Tung na Elizabeth Archie walijiunga baadaye. Lakini wanaoamka alfajiri na kutembea juani ni Wakenya. Majina kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere utayakuta kwenye tafiti nyingi za Amboseli, na bila macho yao hakungekuwa na cha kuandika.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kila nyani ana jina. Hakuna anayefungwa kamba wala kulishwa. Mtazamaji anawafuata kwa miguu akinakili nani amezaa, nani hajaonekana leo, nani amekaa na nani, nani amempisha nani njia. Nyani akienda haja, kuna mtu anayesubiri pembeni aokote kinyesi hicho na kukihifadhi, kwa sababu ndani yake mna homoni zinazoonyesha mwili wa mnyama huyo uko kwenye msongo kiasi gani. Si kazi ya kupigia selfi, lakini ukiifanya kwa zaidi ya miaka 50 unaishia na kitu ambacho hata familia nyingi za binadamu hazina: historia kamili ya maisha ya kila mmoja, iliyoandikwa siku mambo yalipotokea, si kwa kukumbuka baadaye.

Sasa rudi kwa mtoi wetu mweusi. Wiki za kwanza yuko tumboni mwa mama, ziwa likiwa karibu na mdomo. Akikomaa kidogo anahamia mgongoni, mwanzoni akiwa amelala kifudifudi, baadaye ameketi wima kama mwendesha bodaboda. Miezi inavyopita weusi wa manyoya unapotea na kugeuka rangi ya kahawia iliyopauka ya wakubwa. Ule weusi ulikuwa kama kibali: wakubwa humvumilia sana mtoto mweusi. Ukishaisha, anaanza kusukumwa kama wengine.

Tena hazaliwi mahali ambapo wote ni sawa. Miongoni mwa madume, cheo hupiganiwa. Miongoni mwa majike, cheo hurithiwa. Binti hukaa kwenye ngazi iliyo chini kidogo tu ya mamake, na cha ajabu, mdogo humpiku dada yake mkubwa. Binti wa jike mdosi, hata akiwa kimo cha paka, anaweza kumwondoa jike mzima wa familia ya chini penye chakula, na yule mzima akaondoka kimya kwa sababu anajua nyuma ya huyo mdogo kuna mama na shangazi. Nani alisema mambo ya "unajua mimi ni mtoto wa nani?" yalianzia Nairobi?

Mwaka wa 2016, Tung, Archie, Altmann na Alberts walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature Communications ambao ulifanya watu wengi wakae kitako. Walichukua majike 196 ambao maisha yao yalikuwa yamefuatiliwa tangu kuzaliwa na ambao walifanikiwa kufikia miaka minne, umri ambao jike anakaribia kuwa mtu mzima. Kisha wakauliza: je, huyu alipitia nini akiwa mdogo?

Waliangalia mambo sita. La kwanza ni ukame: kama mwaka wa kwanza wa maisha yake mvua ilikuwa chini ya milimita 200. La pili, kama alizaliwa kwenye kundi lenye wanyama wengi mno, ambapo kila mzizi na kila mbegu ya mgunga ina wagombeaji. Halafu kuna mama mwenyewe: kama alikuwa wa cheo cha chini, na kama alikuwa mpweke, hana wa kukaa naye wala wa kumtoa kupe kwenye manyoya. Na hilo la kupe si la kupuuza. Uchunguzi mwingine wa hapo Amboseli ulionyesha kwamba nyani wanaosafishwa manyoya na wenzao mara nyingi huwa na kupe wachache, kwa hivyo rafiki hapo ni dawa kabisa.

Jambo la tano ni mdogo kuzaliwa upesi, kabla yeye hajamaliza hata mwaka mmoja na nusu tangu azaliwe. Hapa bibi zetu wangetikisa kichwa tu. Kiswahili kina neno kubemenda, la kumharibia afya mtoto anayenyonya kwa mama kushika mimba mapema. Ufafanuzi wa wazee kuhusu sababu yake ni jambo la siku nyingine, lakini kwamba mtoto anayenyang'anywa ziwa na mgongo mapema hupata shida, hilo walikuwa wameliona zamani. Na jambo la sita ndilo zito kuliko yote: mama kufa kabla mtoto hajafika miaka minne.

Matokeo? Jambo moja peke yake halikuwa na kishindo kikubwa. Balaa ni yanapopangana. Majike waliokumbwa na matatu au zaidi walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wale waliokumbwa na moja tu au wasiokumbwa na lolote. Miaka kumi! Na hapa tunazungumzia mnyama ambaye akizeeka sana anafika miaka ishirini na kitu. Tena kumbuka kwamba hawa walioingizwa kwenye hesabu ni wale waliopona utoto. Walikuwa wamekua, wanatembea, wanakula, wanazaa. Ukiwaangalia kwa macho usingesema wana tatizo. Hata hivyo deni la utotoni lilikuwa linaendelea kudai. Isitoshe, waliopata shida nyingi utotoni walielekea kuwa wapweke zaidi ukubwani.

Najua unachofikiria. Mtaani kuna imani tunayoipenda sana: kwamba shida zinakomaza. Aliyelelewa kwa sima na sukuma ya jana atastahimili njaa kuliko mtoto wa estate, ati kwa sababu mwili wake umezoea. Kwa miaka mingi hata wanasayansi wengine walikuwa na wazo linalofanana na hilo, kwamba mnyama akizaliwa kwenye uhaba, mwili wake hujipanga kwa ajili ya uhaba, na uhaba ukirudi atakuwa na nafuu kuliko wenzake.

Amboseli ikawa na namna ya kulijaribu. Mwaka wa 2009 ukame mkali uliikumba sehemu ile. Nyumbu na punda milia walikufa kwa wingi, na wafugaji Wamaasai wakapoteza ng'ombe wengi. Nyani hawakufa hivyo, maana wanakula karibu kila kitu, lakini uzazi ulishuka. Watafiti wakiongozwa na Amanda Lea wakauliza swali rahisi: katika kiangazi kile, ni nani walioendelea kushika mimba? Kama imani ya mtaani ni kweli, wangekuwa wale waliozaliwa miaka ya njaa.

Ikawa kinyume. Waliozaliwa miaka mibaya ndio walioumia zaidi ukame uliporudi. Waliozaliwa miaka ya neema walistahimili vizuri zaidi. Utafiti huo ulitoka mwaka wa 2015, na una kipengele kimoja cha kuuma: katika wale waliozaliwa wakati wa njaa, mabinti wa majike wa cheo cha juu walikingwa kwa kiasi fulani. Njaa ilikuwa ya wote, lakini haikugonga kila nyumba kwa nguvu sawa. Msomaji wa Turkana au wa Mathare hahitaji kuelezwa maana yake.

Na kwa nini mama awe na uzito wote huo? Ni maziwa tu? Swali hilo lilijibiwa Marekani katika miaka ya 1950, kwa njia ambayo leo wengi tungeikataa. Harry Harlow, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwatenga watoto wa kima aina ya rhesus na mama zao, akawapa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine aliyevikwa kitambaa laini lakini asiye na kitu. Watoto walikwenda kwa yule wa waya kunyonya, halafu haraka wakarudi kumkumbatia yule wa kitambaa, na huko ndiko walikoshinda. Wale waliotengwa kabisa na viumbe wengine kwa muda mrefu walikua hawajui kucheza wala kuishi na wenzao, na baadhi ya majike hao walipozaa waliwapuuza au kuwaumiza watoto wao.

Ukitaka mfano usiotoka maabara, nenda Gombe, Kigoma, nchini Tanzania, alikokuwa Jane Goodall. Kulikuwa na sokwe jike aliyeitwa Flo, na mwanawe wa mwisho aliitwa Flint. Flo alikuwa amezeeka na hakumwachisha Flint ipasavyo. Flint aliendelea kumganda hata alipokuwa mkubwa. Flo alipokufa mwaka wa 1972, Flint alikuwa na miaka minane hivi, umri ambao sokwe anaweza kujitafutia chakula mwenyewe. Alinyong'onyea, akaacha kula vizuri, akajitenga, akaugua. Haukupita hata mwezi mzima akafa, karibu na pale mamake alipofia.

Kuna jambo lingine lililogunduliwa Amboseli ambalo binafsi lilinikosesha usingizi zaidi kuliko lile la miaka kumi. Mwaka wa 2019, Matthew Zipple na wenzake walionyesha kwamba majike waliofiwa na mama utotoni, au waliofuatwa upesi na mdogo, baadaye walipozaa, watoto wao nao walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa wakiwa wadogo. Hao watoto hawakuwa wamefiwa na mtu. Hawakuzaliwa kwenye ukame. Wao wamekuta deni ambalo hata hawakuwepo likikopwa. Bibi alikufa, mama akayumba, mjukuu akalipa.

Miaka miwili baadaye timu hiyo iliunganisha kumbukumbu kutoka sehemu saba duniani, zikiwemo kima wa msitu wa Kakamega ambao Marina Cords amewafuatilia tangu 1979, sokwe wa Gombe na sokwe wakubwa wa milimani nchini Rwanda. Kufiwa na mama mapema kuliacha alama katika sehemu nyingi, na mara nyingine mtoto alidhoofika hata kabla mama hajafa, pengine kwa sababu mama mwenyewe alikuwa tayari mgonjwa au mchovu.

Ukifikia hapa unaweza kufunga simu ukasema basi, yameisha, aliyeanza vibaya atamaliza vibaya. Ngoja kwanza.

Tuanze na baba. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba dume la nyani halimjui mtoto wake, kwa kuwa jike hupandwa na madume kadhaa. Kisha vipimo vya DNA vikafika Amboseli. Mwaka wa 2003 ikachapishwa kwamba madume, wakikuta vijana wanagombana, huwasaidia zaidi watoto wao wa damu kuliko wa wengine. Kumbe walikuwa wanajua! Baadaye ikaonekana kwamba mabinti ambao baba zao walibaki kundini kwa muda mrefu zaidi walikomaa mapema. Dume lile lile linaloonekana limekaa tu pembeni likijikuna, kuwepo kwake ni kitu.

Halafu kuna marafiki. Mwaka wa 2023 watafiti wa Amboseli walirudi kwenye daftari zao, safari hii na majike 199, kutenganisha mambo mawili: alichopitia jike utotoni na urafiki alio nao ukubwani. Hofu ilikuwa kwamba vitu hivyo ni kamba moja, kwamba utoto mbaya unaleta upweke na upweke unaleta kifo, basi. Wakakuta kila kimoja kina nguvu yake. Kila shida ya utotoni iliondoa takriban mwaka mmoja na nusu wa maisha. Lakini jike aliyekuwa na uhusiano wa karibu na wenzake aliongeza takriban miaka miwili, hata kama utoto wake ulikuwa wa taabu. Hiyo miaka miwili haifuti deni lote. Ukipiga hesabu utaona bado kuna pengo. Ila si sawa na kusema hakuna kitu kinachoweza kufanyika.

Na kuna Rwanda, ambako mambo ni mengine kabisa. Wale sokwe wa milimani ambao Dian Fossey alianza kuwatazama mwaka wa 1967 huishi kwenye familia zilizoshikana chini ya dume kubwa lenye mgongo wa fedha. Robin Morrison na wenzake walipoangalia kumbukumbu za miongo mitano, walikuta kwamba watoto waliofiwa na mama wakiwa kati ya miaka miwili na minane hawakuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wenzao. Sababu ikaonekana kwenye takwimu za nani anakaa na nani. Mama akiondoka, wengine wanasogea. Yatima anatumia muda mwingi zaidi na sokwe wa rika lake, na zaidi ya wote na lile dume kubwa, ambalo hulala naye usiku na kumruhusu akae karibu nalo mchana. Ni kweli pia kwamba sokwe hao wana chakula tele cha majani mwaka mzima, hawaishi kwa kuviziana kama nyani wa Amboseli. Lakini kifo ni kile kile. Kilichobadilika ni waliobaki.

Mtu atauliza, ya nyani yanatuhusu nini? Jibu liko kwenye ugumu wa kujichunguza sisi wenyewe. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda miongoni mwao, walichapisha utafiti ambamo watu wazima zaidi ya 9,000 waliulizwa kuhusu utoto wao, wakakuta kwamba waliopitia mateso ya aina nyingi walikuwa na magonjwa mengi zaidi ukubwani, ya moyo na mengineyo. Wabishi wakasema: pengine ni sigara na pombe. Pengine ni kukosa pesa za hospitali. Pengine wamekumbuka vibaya. Nyani havuti sigara. Hana bima wala hana hospitali, awe wa juu au wa chini. Na hakuna aliyemwomba akumbuke, kwa sababu mtu alikuwa amesimama pale siku mamake alipokosa kuonekana asubuhi, akaandika.

Sitaki kusema sisi ni nyani. Jike wa Amboseli hawezi kuhamia kundi la shangazi yake wa Nakuru, kupata mwalimu anayemwelewa wala kupata mwenzake wa kumsimulia. Na wastani ni wastani: hata katika wale 196, wapo waliokumbwa na mengi na wakazeeka.

Kati ya mwaka wa 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Amboseli tembo, pundamilia na nyumbu walikufa tena. Watoto wa nyani waliozaliwa wakati huo ndio hao wanaofikisha miaka minne, mitano. Weusi wa manyoya uliisha zamani. Mabinti wanaanza kupevuka, wakikaa kwenye ngazi walizorithi, kila mmoja na wa kumtoa kupe au bila. Kesho alfajiri kuna mtu atavaa buti, achukue kalamu, atembee hadi chini ya migunga wanakolala, na kuanza kuhesabu waliopo.